Mashine ya presha ilikuwa pale pale mezani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Unapomuuguza mume au mke, wewe mwenyewe unajitunzaje?" Jibu langu fupi ni kwamba sikujitunza mpaka nilipoanguka. Refu ndilo hili.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 63, nakaa Ngamiani, Tanga. Mwenzangu alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, asubuhi, akichambua mchele. Upande wa kulia ulilegea wote na maneno yakaondoka siku hiyo hiyo. Leo anayo kama ishirini hivi, na mengi kati ya hayo ni ya kunigombeza, alhamdulillahi.

Hospitali alilazwa wodi ya wanawake, na wodi ya wanawake mwanamume hauguzi. Sababu naielewa, sina ugomvi nayo. Lakini wiki tatu nzima shemeji yangu ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha, mimi nikiishia mlangoni na kikapu cha chakula. Siku ya kuruhusiwa nikakabidhiwa mke, karatasi ya dawa, na maagizo mawili: ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya kulala, na presha yake ipimwe kila siku. Namna ya kumgeuza hakuna aliyenionyesha. Shemeji akarudi Muheza kwa wajukuu wake, tukabaki mimi, mgonjwa na kitanda.

Saa mbili zile hazijui usiku. Nilitega simu iniamshe saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Nilimwinua kwa kumkamata makwapani na kumvuta, kama mtu anayeburuta gunia la nazi. Kumbe nilikuwa naharibu mgongo wangu na bega lake kwa pamoja: mkono uliopooza misuli yake haishiki vizuri, ukiuvuta bega linaweza kuteguka. Chakula chake nilikipika bila chumvi kama nilivyoagizwa. Changu sikupika. Asubuhi nilimalizia uji aliobakiza, nimesimama, kwa kijiko kile kile; usiku nilinunua chipsi za pale kona.

Na mimi mwenyewe nina presha, ya miaka mingi. Vidonge vyangu viliisha nikasema nitafuata wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi mitano. Presha ina ubaya huo, haiumi, basi huihangaikii.

Sasa nisikilizeni hapa. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilimfunga mke wangu mkanda wa mashine kwenye mkono wa kushoto, nikaandika namba kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Miezi mitano, kila siku. Mashine ilikuwa mezani, betri zimo, mkono wangu upo hatua moja kutoka pale, na mkanda ule sikuufunga hata mara moja. Nikiwaambia nilisahau nitakuwa nawadanganya. Niliogopa. Nikijipima nikakuta pabaya, nani atamgeuza?

Ikaja siku nikamfokea kwa sababu ya uji aliomwaga. Nimekaa naye miaka 34, sikuwahi kumfokea namna ile. Nikabeba besheni kwenda kumwaga maji uani, kichwa kikazunguka, nikajikuta nimekaa chini na maji yote mapajani. Kijana wetu, anayeendesha bodaboda, alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akaniketisha, akachukua mashine: 198 kwa 114. Mama yake alikuwa anatazama kutoka kitandani. Namba zile anazifahamu, zake za siku alipoanguka hazikuwa mbali na hizo. Akaanza kulia bila neno.

Daktari alinirudishia vidonge, akaniambia kuanzia 140 kwa 90 tayari inahesabiwa presha ya juu, na mimi niko juu kule halafu usiku silali na mchana nanyanyua mtu. Akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikamjibu, "Mimi tu." Kijana akanitazama. Hajawahi kunitazama hivyo tena, na nisingependa.

Usiku tukaugawa. Yeye akirudi na pikipiki anashika zamu mpaka saa nane, kisha naamka mimi. Kumgeuza mama yake aliyevaa nguo zake hakuna tatizo. Kumwogesha na kumbadilisha ni kazi yangu, au ya mkwe wangu akiwepo. Usingizi wa saa tano mfululizo, jamani! Nilikuwa nimesahau una ladha gani. Wiki ya pili tu nikaacha kukosea kukata vitambaa.

Waliokuwa wakinichosha kuliko mgonjwa ni wageni wa kumjulia hali. Najua nitalaumiwa kwa hili. Wanakuja alasiri, wanakaa mpaka magharibi, nami nachemsha chai, natafuta vitumbua, nasimulia upya kiharusi kilivyoanza. Watu kumi wanauliza "mgonjwa anaendeleaje?", na anayeuguza hakuna anayemtazama usoni. Sasa mgeni akifika namshukuru, namwonyesha thamosi ilipo, kisha namwomba akae na mgonjwa saa moja. Nachukua baiskeli (sisi watu wa Tanga tena) naenda Raskazone kutazama bahari na kurudi. Wengine walinuna. Walionuna wamepungua kuja, na waliobaki wamejifunza kumlisha: akae wima, kijiko kidogo kidogo, asilazwe na chakula mdomoni akapaliwa.

Mtaani walisema nimelishwa limbwata, mwanamume mzima anafua shuka za mke. Kama ndiyo hivyo, basi lilikuwa limbwata zuri, maana limedumu.

Sufuria ni moja siku hizi. Chumvi kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na humo inahesabiwa hata ile ya mkate na ya chipsi, kwa hiyo tunakula wote chakula chake: ndimu, kitunguu thomu, pilipili, maisha yanaendelea. Kujipima naanza mimi, halafu yeye. Tunakaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, bila kuzungumza. Hapo mwenye shida ni mimi, yeye kimya amekizoea. Nikijisahau nikaanza kumfunga yeye kwanza, anausukuma mkanda kwa mkono wake mzima na kusema "wewe". Ni katika yale maneno ishirini.

Mgongo uliniponea kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinifundisha kusimama karibu na mgonjwa, kukunja magoti badala ya kiuno, na kiti kukiweka upande wake wenye nguvu ili naye asaidie. Kitanda tulikiinua kwa tofali moja moja kila mguu, nisiiname sana lakini miguu yake ifike sakafuni. Akanionyesha pia kugeuza mtu kwa kuvuta shuka badala ya kuvuta mwili, na hapo ufundi wangu ukaamka, nikamshonea shuka yenye vishikio.

Majirani wameniomba niwashonee shuka hiyo, nami nawapa vipimo bure, wasomaji nanyi chukueni. Kitambaa ni marekani nzito, urefu mita moja na nusu ukikatiza kitanda, upana mita moja ukifuata mwili, ilalie kuanzia mabegani mpaka mapajani. Kila upande shona vishikio vitatu kwa mkanda wa begi, upige mshono mara mbili wenye msalaba katikati. Kabla ya kumgeuza angalieni haijajikunja. Na ikiwa upana wa kitambaa hautoshi, msiunge vipande katikati. Mshono usipite chini ya mgongo wala makalio. Hata pindo dogo, mtu akililalia usiku kucha, linatoa kidonda.

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga