Naimba kwaya, lakini moyo haumo

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Naishi Likoni, naimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Tulimwombea mama usiku na mchana, akafariki. Sasa nikiomba nahisi naongea na ukuta. Niache kwaya mpaka imani irudi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usiache. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa alimlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akamalize shaka kwanza; alimponya mtoto palepale. Tomaso naye alikataa kusadiki mpaka aone alama za misumari, lakini siku nane baadaye alikuwa ndani na wenzake, na ndiko Bwana alikomkuta. Je, angejitenga?

Ukivuka feri, siku moja fika Nyali kwenye kaburi la Rosina Krapf. Alifariki 1844, yeye na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Mumewe, mmisionari Ludwig Krapf, alibaki, na 1846 akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Sisemi hakulia.

Anayekwambia mama hakupona kwa sababu imani yako ilipungua anakuumiza bure, usimsikilize. Mweleze Mungu uchungu wako waziwazi, hata kwa Kigiriama cha nyumbani. Zaburi ya 13 yenyewe inaanza kwa malalamiko. Zungumza pia na mwalimu wa kwaya. Jumapili utakayoshindwa kuimba, keti tu katikati ya wenzako, wakuimbie.