Barua kwa Mwanangu: Shule ya Wajukuu Zangu Kampala

Walukuba, Jinja

Mwanangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unaniambia kwamba kazi ya baba Rashidi inamhamisha kutoka Tanga kuja Kampala kwa miaka 3, kwamba mmepata nyumba Ntinda, na kwamba wenzake wanamshauri awapeleke Rashidi na Zuhura katika shule moja ya bweni, kwa kuwa jina lake hutajwa magazetini kila matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa. Umeniuliza mimi naonaje. Naona wasiende bweni, na Rashidi, aliyemaliza darasa la tano huko, aanze tena darasa la tano hapa, hata kama mwalimu mkuu atakuwa radhi kumpokea la sita.

Najua hili la pili litamuuma, kwa hiyo naomba nikusimulie jambo ambalo hulikumbuki, maana ulikuwa bado unanyonya. Tulipohamia Jinja mwaka 1991, kaka yako Hamisi alikuwa ametoka darasa la sita Tanga, ambako alisoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, nasi tukamwingiza darasa la saba katika shule ya bweni kwa sababu umri wake ulikuwa wa darasa hilo. Siku ya kutembelea watoto, mwezi wa pili tangu aanze, niliomba anionyeshe daftari la sayansi. Mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida yake na mistari imenyooka, lakini maneno ya Kiingereza aliyoyanakili ubaoni yalikuwa yameshikana, matatu au manne kwa pamoja, kwa kuwa hakujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Pembeni palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Nilikaa na daftari lile chini ya mwembe, nikasahau hata kumpa chakula nilichombebea. Mtoto aliyezoea kujibu swali kabla halijaisha alikuwa amekaa wiki nane bila kunyoosha mkono, na jioni hapakuwa na mtu wa kumuuliza leo umesoma nini. Kosa lile lilikuwa letu, mimi na marehemu baba yako, na hadi leo linaniumiza.

Watu hudanganywa na sura ya mifumo hii, kwa kuwa huku ni miaka 7 ya msingi, kisha 4 na 2 ya sekondari, kama mfumo uliozoeleka Tanzania kabla ya mabadiliko ya sasa, ikaonekana mtoto anaweza kuhama darasa kwa darasa. Tofauti iko katika lugha. Mtihani wa darasa la saba wa Uganda una karatasi nne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na elimu ya jamii, na zote hufanywa kwa Kiingereza. Kila karatasi hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora kabisa, hadi 9, na daraja la kwanza ni jumla isiyozidi 12. Karatasi ya Kiswahili haimo. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini uamuzi huo hautamsaidia Rashidi katika mtihani huu.

Sasa hesabu miaka yenu 3. Akianza la tano, atasoma la tano, la sita na la saba, afanye mtihani, kisha mrudi nyumbani aingie kidato cha kwanza, ambako masomo ni kwa Kiingereza, na kwa wakati huo atakuwa amekizoea. Mwaka anaourudia atauona faida yake pale.

Zuhura ndiye anayenitia wasiwasi wa aina nyingine. Kiingereza atakiokota uwanjani katika muhula mmoja, lakini mtakaporudi ataingia la sita, na kama ni shule ya serikali atasoma kwa Kiswahili, akiwa ameandika Kiingereza kitupu tangu la tatu. Njooni na vitabu vya Kiswahili vya huko, vya la tatu hadi la tano, naye aandike kwa Kiswahili nyumbani kila wiki. Mdogo wao Athumani msimharakishe.

Shule za kimataifa sioni sababu yake kwenu. Nyingi hutoza ada kwa dola, na mwaka wao kwa kawaida huanza Agosti au Septemba.

Tafuteni shule ya kutwa ambayo watoto wataifikia kwa miguu kutoka nyumbani, maana wanaosoma mbali huchukuliwa na gari kukiwa bado giza na hurudi wamechoka hata kula. Baba Rashidi aende mwenyewe, akae darasani nusu saa, na aulize ni watoto wangapi walioingia la sita na ni wangapi kati yao waliofanya mtihani wa la saba shuleni hapo, kwa sababu shule inayowaondoa wanyonge njiani haikosi matokeo mazuri. Aulize pia ni nani atakayemsaidia mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiswahili baada ya masomo, na aombe orodha ya mahitaji ya muhula, kuanzia rimu za karatasi hadi mafagio, kwa kuwa mara nyingi hayamo katika ada.

Mwaka wa masomo huku kwa kawaida huanza Februari, hivyo mkifika mapema Januari hawatapoteza kitu. Msisahau vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule na barua za uhamisho. Na habari ya kurudia darasa, mwambie Rashidi wewe mwenyewe kabla ya safari, na umweleze sababu.

Mimi nitapanda basi kuja Ntinda juma la kwanza la masomo, nimkute jioni akirudi, nitazame madaftari yake.

Mama yako