Mafua ya pareto na dawa ya Kihindi

SWALI: Shikamoo mama. Nalima pareto huku Kilolo. Kila tukianza kuchuma napiga chafya mpaka mbavu zinauma, macho yanawasha, kamasi jepesi kama maji. Mvua zikizidi tunaanika maua ndani, chumba tunacholala. Usiku mwingine kifua kinabana na kupiga mluzi. Hospitali walinipa pampu ya kuvuta. Sasa wifi yangu kaleta unga wa Kihindi wa kuondoa “kapha”, na mafuta ya ufuta ya kudondosha puani. Anasema niachane na pampu. Nimsikilize?
Mama Tumaini

JIBU: Marahaba Mama Tumaini, kamwene, na pole sana. Pampu usiiache. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na nimeona pumu ikimzidi mtu ndani ya saa chache. Kifua kikishabana, hakuna unga wala mafuta ya kukifungua upesi. Ukivuta pampu kama ulivyoelekezwa na bado hupati nafuu, nenda hospitali usiku huohuo.

Wifi yako simbezi. Ayurveda ni tiba ya kale ya India, na mimi mwenyewe imenifaa. Kwa elimu yao mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Kamasi, kohozi na kichwa kizito ni dalili za kapha kuzidi. Ila muulize kama analijua neno nidana parivarjana. Ndiyo hatua ya kwanza ya tiba hiyo: kuepuka kinacholeta ugonjwa. Unga unakuja baadaye.

Na kinachokuletea ugonjwa unalala nacho, mama. Vumbi la pareto linawasha pua, macho na ngozi, nawe unalivuta usiku kucha. Hamishia maua ghalani, hata kama itabidi mbuzi wabanane. Ukichuma, funga kitambaa puani na uvae glavu. Ukirudi, badili nguo na uoshe nywele kabla hujagusa kitanda. Tena pareto ni ukoo mmoja na kamomili, kwa hiyo ukipewa chai ya kamomili ya kutuliza mafua, ikatae.

Huo unga usiule. Lipo tawi la Ayurveda, rasa shastra, linalochanganya madini kwenye dawa kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni; karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Risasi haina ladha ya kukushtua. Mafuta ya puani nayo, nasya, yana utaratibu wake na wataalamu wake. Ukiyavuta yakaingia kwenye mapafu ambayo tayari yanapiga mluzi, utajuta.

Kuosha pua ndiko ninakokusihi ukujaribu. Nilipokuwa naishi Mafinga, unga wa mbao ulinitesa hadi wanangu wakawa wanahesabu chafya zangu kwa sauti. Bibi mmoja wa Kigujarati, jirani yangu, ndiye aliyenionyesha jala neti, ambayo watu wa yoga wameifanya tangu zamani. Chemsha maji dakika kadhaa, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu kama machozi. Maji ya bombani au kisimani yasiyochemshwa usiyaingize puani kamwe, yana vijidudu. Robo lita itie nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, kijiko cha kusawazisha, usirundike. Tumia buli dogo lenye mdomo mwembamba. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, fungua mdomo upumulie humo, kisha mimina taratibu tundu la juu. Maji yatatokea tundu la chini. Mara ya kwanza nilikabwa kwa sababu nilicheka. Bibi alinishika kidevu akasema “aaa”, nami nikasema “aaa”, yakapita. Ukimaliza penga polepole, halafu ulioshe buli na kuliacha likauke.

Maziwa ya moto yenye manjano na tangawizi kunywa tu. Koo litapata joto, ingawa mzio utabaki palepale.

Siku ya kliniki mpeleke wifi na pakiti yake, daktari aione. Na hilo la kuhamisha pareto lifanye leo kabla giza halijaingia, kisha uniandikie usiku umekwendaje.