Wakili Nilikuwa Naye Miaka Sita, Sikujua

Juzi usiku dada mmoja anayefanya usafi maofisini huko New Jersey kaniandikia: "Kaka, mwenye nyumba kanipeleka mahakamani. Wakili anataka dola 1,500 kabla hajagusa faili. Nikope wapi?" Nikamuuliza: mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi na mwajiri umeusoma? Kimya. Namwelewa, maana mimi nilikaa kimya hivyohivyo miaka sita.

Mimi ni mfagizi wa usiku Manhattan, ghorofa ya 19 hadi ya 23, na sioni haya kusema. Mwaka wa sita mwenye nyumba wangu kule Bronx alinishtaki eti nadaiwa kodi ya miezi minne. Nilikuwa nimelipa yote, stakabadhi nimezitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwa woga nikachukua hela ya upatu, dola 1,200, nikampa mtu aliyejiita wakili. Siku ya kesi hakutokea. Simu hapokei. Nikiikumbuka ile suti yake ya kijivu, hadi leo nasonya.

Aliyeniokoa ni mwakilishi wa chama jengoni kwetu, mama mmoja wa Jamaika. Alinikuta nimeegemea ndoo, akaniuliza nalia nini na wakili ninaye. Kumbe mwajiri anachangia mfuko wa huduma za kisheria kwa ajili yetu! Umeandikwa kwenye mkataba, kurasa za nyuma, nilizoziruka kwa sababu hazikutaja nyongeza ya mshahara. Wakili wa mfuko alimwaga lile kopo mezani, akazipanga stakabadhi kwa tarehe, moja moja. Kesi ikafutwa. Sikutoa hata senti.

Na msidhani ni hisani ya bosi. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ilibana fedha za mwajiri kwenda kwa chama, kuzuia rushwa; mwaka 1973 ikarekebishwa ili mifuko ya namna hii iruhusiwe. Hela hiyo chama kiliipigania kwenye majadiliano, ingeweza kuwa mshahara wako. Kwa hiyo soma mkataba!

Ila sheria hiyohiyo ina kizuizi: wakili wa mfuko hawezi kufungua kesi dhidi ya mwajiri anayeuchangia, isipokuwa ya fidia ya kuumia kazini, wala dhidi ya chama. Ukifukuzwa, kimbilia chama kikufungulie malalamiko. Bosi akikuita kukuhoji na unaona adhabu inanukia, omba mwakilishi akae nawe. Haki hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mwaka 1975 katika kesi ya Weingarten, lakini uiombe mwenyewe, bosi halazimiki kukukumbusha.

Sasa ninyi mnaokuja mkutano wa chama kula pizza na kuondoka kabla ya kura, nawasema, na mnajijua. Mfuko huu unaweza kupotea: wenzetu wa viwanda vya magari, chama cha UAW, walikuwa na mfuko kama huu, ukafungwa mwishoni mwa 2013. Baadaye ulirudi, kwa majadiliano tena. Someni mkataba, jamani. Kurasa za nyuma!

Jana dada kanitumia picha ya ukurasa, namba ya mfuko kaizungushia wino mwekundu. Chini kaandika: "Kaka, kumbe ipo." Kesi yake ni Jumanne.