Kamera za nyumbani kwa mama na bando lililokuwa linayeyuka

Tulifunga kamera mbili nyumbani kwa mama, Muheza, baada ya wezi kuvunja banda la kuku. Waya wa intaneti haukufika kwake, kwa hiyo tukaweka rauta ya laini na nikamnunulia bando la mwezi la GB 40. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Jumapili asubuhi akanipigia: "Mwanangu, intaneti imekata, hata WhatsApp haifunguki."

Fundi alishauri tununue bando kubwa zaidi. Nilinunua, nalo likaisha vilevile. Ushauri huo usiukubali kabla hujajua data inakwenda wapi.

Kipimo ni rahisi. Nilimwomba mama aangalie salio saa tatu usiku akiwa anakwenda kulala, kisha saa kumi na mbili asubuhi kabla hajagusa simu. Zilikuwa zimeondoka GB 10 na ushee, na nyumba nzima imelala.

Kamera zetu ni za 1080p, yaani HD kamili, na kila moja imewekwa itoe megabiti 2 za video kwa sekunde (megabiti nane ni MB moja). Hiyo ni robo ya MB kila sekunde, MB 900 kwa saa, zaidi ya GB 21 kwa siku. Kamera ikirekodi kwenye memori kadi iliyo ndani yake, hutumii hata MB moja ya bando. Kinachokula bando ni picha zinazotoka nje ya nyumba. Kamera ya getini ilikuwa inazitoa saa 24, maana wakati wa kuifunga iliwashwa huduma ya majaribio ya kuhifadhi video mtandaoni, na hakuna aliyetuambia. Nikaizima, nikaweka memori kadi ya GB 128 kwenye kila kamera. Inabeba siku tano hivi, kisha inaanza kufuta za zamani yenyewe.

Lakini usizime kila kitu. Mwizi akiing'oa kamera anaondoka na kadi yake, kwa hiyo vipande vya matukio viendelee kutumwa mtandaoni.

Hapo ndipo nilipokutana na mgomba. Kamera ya uani ilikuwa inatuma kipande kila kinapotikisika kitu. Nilifungua vya usiku mmoja, kimoja kimoja: jani la mgomba limeng'aa jeupe kwenye giza, linapepea. Jani tena. Nondo amepita karibu na lenzi, mkubwa kama kunguru. Halafu uzi wa buibui unaocheza mbele ya kioo, vipande kumi na saba mfululizo. Taa za usiku za kamera huvutia wadudu, na buibui huwafuata wadudu. Niliingia kwenye setingi nikachagua itambue watu tu, nikachora eneo la kuangaliwa liishie kwenye mlango wa jikoni, mgomba ukabaki nje. Kama kamera yako haina uwezo wa kutambua watu, punguza wepesi wake wa kuhisi mwendo na ukate matawi yaliyo karibu.

Suala la tatu ni sisi watoto. Tuko wanne, wote tuna programu kwenye simu, na kila mmoja alikuwa anafungua kumwangalia mama kisha anaiacha wazi huku akipika au akiwa ofisini. Kutazama moja kwa moja kunakula bando la pande zote mbili, la kwako na la nyumbani. Tulikubaliana kwenye kundi la familia: tazama kwa ubora wa chini, panda HD pale tu unapotaka kuona sura ya mtu, ukimaliza funga kabisa. Na ukitaka kujua hali ya mama, mpigie. Yeye mwenyewe anapenda hivyo zaidi.

Mwisho nilibadilisha mfumo wa kubana video kutoka H.264 kwenda H.265, ambao hupunguza data kwa karibu nusu bila picha kuharibika sana. Ubora wa kamera ya getini sikuushusha. Hapo nataka sura ionekane.

Leo ni siku ya 22 ya bando la GB 40 na zimebaki 11. Kila Jumamosi mama anachukua ufagio wa njiti na kuondoa utando wa buibui kwenye kamera zote mbili, kisha ananitumia ujumbe kwamba ameshamaliza.