Maswali ya Wasomaji: Kura yangu huku Brooks ina kazi gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa niko Brooks, Alberta, kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Nimeshakula kiapo cha uraia wa Kanada, na uchaguzi wa mkoa ukifika nitapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Wenzangu kazini wananicheka. Wanasema huku mashambani chama ni kilekile tangu enzi za babu zao, na kwamba Waziri Kiongozi Danielle Smith alikuja kuchukua kiti chetu wakati hata nyumba hana hapa. Ni kweli? Nijisumbue kwenda, au nilale? — Baba Neema, Brooks

JIBU: Marahaba, Baba Neema, na hongera kwa uraia. Mimi niko Medicine Hat kwa binti yangu, kwa hiyo mbunge wako ni jirani yangu na mambo yake nayafuata kwa karibu.

Wenzako wameshika nusu ya habari. Upande haujahama, hilo kweli: huku watu ni wa mrengo wa kulia. Lakini vyama vimepita vingi. Mwaka 1921 wakulima wa Alberta waliingia madarakani kwa chama chao wenyewe, United Farmers, wakawatoa Liberal. Mwaka 1935 wakaangushwa na Social Credit ya mhubiri wa redioni, William Aberhart, aliyezoa viti 56 kati ya 63. Social Credit ikakaa hadi 1971, Conservative ya Peter Lougheed ikaiondoa na kutawala miaka 44. Mkoa huu humvumilia mtu muda mrefu mno, halafu siku moja humfukuza na mabegi yake yote.

Sasa angalia eneo lako lenyewe, maana hapo ndipo wenzako wanapokosea zaidi. Zamani Brooks ilikuwa ndani ya jimbo la Bow Valley. Lougheed alipoingia mwaka 1971, Bow Valley haikumfuata. Ilimrudisha Fred Mandeville wa Social Credit, ikamrudisha tena 1975, na tena 1979, wakati chama hicho kimebaki na wabunge wanne tu Bunge zima. Conservative walisubiri hadi 1982 kukipata kiti hicho. Baadaye mipaka ikachorwa upya, jimbo likaitwa Strathmore-Brooks. Mwaka 2012 Conservative wakashinda mkoa, ninyi mkamtuma Jason Hale wa Wildrose, chama cha mrengo wa kulia kilichowapinga Conservative. Mwaka 2015 NDP ya Rachel Notley, chama cha mrengo wa kushoto, ikashinda mkoa, ninyi mkamtuma Derek Fildebrandt, Wildrose tena. Watu wanaodaiwa kufuata mkumbo wamekaa upinzani miaka mingi kwa hiari yao. Mimi nawaheshimu kwa hilo, hata kama kura yangu haiendi walikopeleka yao.

Habari ya Smith ni ya kweli. Jimbo la leo, Brooks-Medicine Hat, lilianza na uchaguzi wa 2019, likachukuliwa na Michaela Glasgow wa UCP, chama kilichozaliwa 2017 Wildrose na Conservative walipoungana. Oktoba 2022 wanachama wa UCP walimchagua Smith kuwa kiongozi wao, naye hakuwa mbunge. Makazi yake yalikuwa High River. Glasgow, ambaye wakati huo alikuwa akitumia jina la Frey, akajiuzulu, na Novemba 8 ukafanyika uchaguzi mdogo. Sheria haimtaki mgombea aishi ndani ya jimbo, inatosha awe mkazi wa Alberta. Aberhart naye alifanya vivyo hivyo mwaka 1935: chama chake kilishinda yeye hakugombea popote, mbunge wa Okotoks-High River akampisha, akaingia bila kupingwa.

Smith yeye alipingwa. Alipata asilimia 54 na ushei. Gwendoline Dirk wa NDP alipata kama 27, na Barry Morishita, aliyewahi kuwa meya wenu hapo Brooks, akapata 16 na ushei kwa tiketi ya Alberta Party. Kwa jimbo linaloitwa ngome, na mgombea ni Waziri Kiongozi, zaidi ya wanne kati ya kila kumi waliofika vituoni walisema hapana. Wengi zaidi hawakufika kabisa.

Lakini swali lako hasa ni kama kura ina kazi. Nikurudishe nyumbani kidogo. Nilipiga kura Magu, mkoani Mwanza, mwaka 1985, enzi za chama kimoja. Karatasi ya ubunge ilikuwa na picha mbili za wagombea wa CCM, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Chama ndicho kilichowatembeza pamoja: jukwaa moja, wanapokezana kusema, kila mmoja anasifu sera zilezile. Mgeni angesema ni mchezo. Lakini wazee wetu walikumbuka mwaka 1965, Waziri wa Fedha Paul Bomani, mtu mkubwa wa vyama vya ushirika vya pamba, alivyoanguka hapohapo Mwanza kwa karatasi kama ile. Na sisi tuliokuwa karibu na chama tulijua kwamba kabla ya jembe na nyumba palikuwa na mkutano wa wilaya, na juu yake Halmashauri Kuu, ambako majina mengine yalikatwa. Huko ndiko watu walikokosa usingizi.

Huku mashambani Alberta ni hivyohivyo, ila hawasemi. Pale ambapo mgombea wa chama fulani karibu ana hakika, mlango wenyewe ni uteuzi ndani ya chama. Ushahidi ni huyohuyo Smith. Desemba 2014 yeye, akiwa kiongozi wa Wildrose, pamoja na wabunge wenzake wanane, Hale wa kwenu akiwemo, walihamia Conservative. Mwezi Machi mwaka uliofuata akaomba uteuzi wa chama chake kipya katika jimbo lake la Highwood, wanachama wakamnyima. Hakufika hata kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi ulipofanyika Mei, hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyerudi Bungeni.

Kwa hiyo, Baba Neema, nenda kapige kura, na usisubiri siku ya kura. Chagua chama unachokitaka, kiwe kikubwa au kidogo, uulize masharti ya uanachama na siku ya uteuzi. Kwenye uteuzi wa mashambani watu mia kadhaa huweza kuamua, na zamu yenu moja ya kiwandani ina watu wa kutosha kumfanya mgombea yeyote ashuke garini kuwasalimia. Wakija, waulizeni habari za daktari wa familia na nyumba za kupanga. Msikubali wapige picha tu na watoto wenu.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku. Sheria ya mkoa inakupa saa tatu mfululizo za kupiga kura bila kukatwa mshahara, lakini wewe wa zamu ya usiku tayari unazo mchana, kwa hiyo bosi hadaiwi kitu. Chukua kitambulisho chenye jina na anwani yako. Weka alama kwa mgombea mmoja tu. Kati ya 1926 na 1955 wapiga kura wa mashambani Alberta waliandika namba, 1 kwa wanayempenda, 2 kwa anayefuata. Serikali ya Social Credit ikaufuta utaratibu huo. Binafsi ningeurudisha kesho asubuhi.

SWALI: Mwalimu, mbunge akitusahau tunaweza kumtoa kabla ya muda? — Mama Amani, Medicine Hat

JIBU: Mnaweza kujaribu. Aberhart ndiye aliyeleta sheria hiyo mwaka 1936: theluthi mbili ya wapiga kura wakisaini, mbunge anaondoka. Mwaka 1937 watu wa jimbo lake mwenyewe wakaanza kumkusanyia sahihi. Serikali yake ikaifuta sheria, tena ikaifuta kwa kurudi nyuma kana kwamba haikuwahi kuwapo, na uchaguzi uliofuata, 1940, yeye akaenda kugombea Calgary.

Alberta ilitunga sheria mpya ya namna hiyo mwaka 2021, na masharti yake yamekwisha kurekebishwa, kwa hiyo uliza kwanza idadi ya sahihi inayotakiwa sasa. Karatasi halali za kusaini hutolewa na Elections Alberta, ofisi ya uchaguzi ya mkoa, si chama. Anayekugongea mlango na daftari la shule akitaka jina na anwani yako, mrudishie kalamu yake.