Bia nyeusi inatoka vizuri, ya dhahabu ina ukakasi

SWALI: Napika bia nyumbani, lita 20 kila mara, kwa maji ya bomba. Nyeusi inatoka vizuri sana. Lakini ile nyepesi ya rangi ya dhahabu inaacha ukakasi ulimini, kama chai iliyokaa na majani yake kutwa nzima. Nimebadilisha hamira, nimepunguza hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), wapi! Taarifa ya maji inasema bikaboneti mg 240 na kalsiamu mg 70 kwa lita. Nikosoe.

JIBU: Ndugu yangu, hamira haina kosa, wala hopsi. Tatizo ni hiyo bikaboneti.

Kimea kikilowekwa kwenye maji moto, fosfeti zake hukutana na kalsiamu ya maji, asidi kidogo ikatoka, na pH ikashuka (pH ni kipimo cha asidi: ikiwa chini, asidi ni nyingi). Tunataka itulie kati ya 5.2 na 5.5. Bikaboneti nyingi huimeza asidi hiyo. pH hubaki juu, na unaposuuza makapi, maganda ya kimea huachia tanini, kile kitu kinachokausha ulimi kwenye chai kali. Ndio ukakasi unaouonja. Kimea kilichokaangwa kina asidi ya kutosha kupambana na maji hayo, ndiyo maana nyeusi haikusumbui. Maji ya Dublin, Ireland, yana bikaboneti nyingi, na bia nyeusi ikashamiri huko; ya Pilsen, Cheki, ni laini mno, ikatoka bia ya dhahabu.

Mimi niliamini nilipotazama ndani ya birika langu: utando mweupe, mgumu, ukiukwangua unatoka magamba. Ni chokaa: bikaboneti na kalsiamu ya maji zikichemshwa huganda hivyo. Basi chemsha maji yako robo saa siku moja kabla, yafunike, yaache yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi jeupe limetuama chini ya sufuria. Chota maji ya juu taratibu kwa kikombe, na ukiona yanaanza kuwa na ukungu, acha. Usione uchungu kumwaga lita 2 za mwisho.

Ila chokaa hiyo imeondoka na kalsiamu pia, irudishe. Kwa kila lita 10, tia gramu 1 ya jasi (kalsiamu salfeti) na gramu 1 ya kalsiamu kloridi. Kwa pamoja zinaongeza takriban mg 50 za kalsiamu kwa lita. Jasi huukaza uchungu wa hopsi, kloridi huipa bia utamu wa kimea. Pima kwa mizani ya gramu, kijiko kitakudanganya.

Dakika 15 baada ya kuloweka, chota kidogo, kipoe kabisa, ndipo upime pH. (Kipimo hiki cha pH kilibuniwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1909, na mkemia Sørensen, ni chetu wapika bia tangu mwanzo.) Ikizidi 5.5, ongeza asidi ya laktiki ya asilimia 88, nusu mililita kwa nusu mililita, ukikoroga na kupima tena. Maji ya kusuuzia nayo yatie asidi. Hapo ndipo wengi husahau, na ukakasi hurudi kwa mlango huo.